Majina thelathini kwenye simu ya Waisiko

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, umande bado uko kwenye nyasi, na Waisiko Nchagwa ameshakaa kwenye jiwe lake. Miguu ameinyoosha mbele, kitenge amekikunja hadi magotini, usoni amevaa miwani ya jua ya mnadani. Mkono wa kushoto unalibana jiwe kwa pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi kuukuu, wa kulia unashusha nyundo. Pigo la tano linalipasua. Vipande anavisukuma kwa kiganja kwenye lundo la kokoto lililo ubavuni mwake.

Kipande kimoja kinaruka na kumgonga shavuni.

"Pole," anasema.

Hakuna mtu mwingine pale. Pole hiyo amejipa mwenyewe, na akishaisema anacheka kidogo kwa aibu, maana mwandishi amemsikia. "Zamani nilikuwa napewa pole saba," anaeleza. "Sasa najihudumia."

Kuzunguka alipokaa kuna mawe bapa saba, kila moja limetandikwa gunia. Magunia matatu yameota majani katikati. Hapo ndipo walipokaa wenzake hadi mwaka jana, wanane kwa jumla pamoja naye, wakipasua mawe huku wakiwasema watu kuanzia asubuhi hadi jua linapogeuka. Jiwe lililo karibu naye kabisa, la kufikia kwa mkono, lilikuwa la Regina.

Waisiko ana miaka arobaini na sita. Ni mjane wa marehemu Ryoba, na mama wa mtoto mmoja, Tabitha, aliyeolewa ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya. Mwamba huu ulio nje kidogo ya kijiji cha Nyangoto, wilayani Tarime, ameufanyia kazi miaka kumi na minne. Majirani wengi huhangaikia dhahabu. Yeye anasema dhahabu inataka bahati na kokoto inataka mgongo, na mgongo anao.

Siku njema anajaza ndoo kumi na mbili za lita ishirini. Ndoo moja ni shilingi elfu moja, ila kujaza si kuuza. "Juzi nimekaa siku tisa, hakuna hata mtu wa kuniuliza bei," anasema. Wanaonunua kwake sasa ni wenye kujenga vyoo na vibaraza, wanaokuja na guta la magurudumu matatu kuchukua ndoo nane au kumi.

Biashara hii ilikuwa ya mdomo. Tipa ikitoka Tarime kwenda Serengeti ilipiga honi pale barabarani, dereva akashuka, akalalamika kuwa bei ni ya kuua mtu, akala viazi vya wenyewe, kisha akapakia mzigo kwa bei ileile. "Walikuwa waongo wale madereva," anasema Waisiko, kwa sauti ya kuwasifia. "Lakini walikuwa wanakuja."

Siku hizi wakandarasi wadogo wa eneo hili huagiza mchanga, matofali na kokoto kwa mfumo wa simu. Msimamizi wa saiti anaandika anachokitaka, mfumo unamtafuta muuzaji mwenye uwezo aliye karibu, na dereva anatumiwa ramani. Dereva mwenye ramani hana sababu ya kusimama njiani. Tipa zinampita Waisiko kila siku bila hata kupunguza mwendo, na jioni anarudi nyumbani na vumbi lake.

Mfumo huo uliletwa pale mwambani na Okeyo Olima, wakala wa kuandikisha wauzaji kutoka Tarime mjini. Alikuja na pikipiki, akawakusanya wale wanawake wanane, akawaeleza kwa saa nzima.

"Niliwaambia akina mama, huu mfumo haujui sura ya mtu, unajua namba," anakumbuka Okeyo alipopigiwa simu na mwandishi. "Ukijaza poa, unapata oda poa. Ukijaza vibaya, basi hiyo sasa ni kesi yako na mfumo."

Kati ya wale wanane, ni Waisiko peke yake aliyekuwa na simu ya kupangusa, zawadi ya Tabitha. Kwa hiyo yeye ndiye aliyefanywa kiongozi wa kikundi. Okeyo alimwanzishia fomu, akapata haraka zake, akaondoka. Waisiko akaimalizia nyumbani, kitandani, akiwa peke yake.

Fomu iliuliza kikundi kina watu wangapi wa kufanya kazi, na ikataka majina na namba za simu.

Mtu wa mjini angeandika wanane, akalala. Waisiko aliwaza kama Mkurya. Huku, mtu akizidiwa na palizi au akitaka kuinua nyumba, huita risaga. Majirani wanakuja na majembe yao, wanafanya kazi siku nzima, mwenye kazi anawapikia, na zamu ya mwingine ikifika naye anakwenda. Halipwi mtu. Kwenye risaga yake ya mwisho, ya kupalilia mahindi, walikuja watu thelathini, wakiwemo wale wenzake saba wa mwambani. Namba zao zote alikuwa nazo, maana hata risaga siku hizi huitwa kwa simu.

"Simu imeniuliza nina watu wangapi," anasema. "Sasa watu wangu mimi ni akina nani? Si hao? Ryoba alipokufa walikuja hao. Nyumba ninayolala waliinua hao. Nikawaandika wote."

Aliwaandika mmoja mmoja, na yeye mwenyewe akawa wa thelathini na moja. Alipomaliza aliirudia orodha kuisoma tangu juu hadi chini. "Usiku ule nilijiona tajiri," anasema. "Kweli kabisa. Mjane, mtoto yuko mbali, lakini nina watu thelathini."

Mfumo nao ulimwamini. Ulipiga hesabu ya watu thelathini na mmoja wenye nyundo, na wiki mbili baadaye oda ikaingia: tripu arobaini za kokoto kwa ajili ya madarasa yanayojengwa Ringwani, ng'ambo ya mto Mara, ndani ya siku ishirini na moja. Tripu moja ya tipa ndogo inameza ndoo mia moja na hamsini. Arobaini ni ndoo elfu sita. Wanawake wanane, wasipougua wala kwenda kanisani, wangezijaza kwa zaidi ya siku sitini.

Wenzake walishika vichwa. Waisiko hakutetereka. Aliwaambia watulie, anaita risaga.

Alichinja mbuzi. Alisonga ugali wa mtama na muhogo, akatengeneza togwa pipa zima. Watu walifika kama walivyofika siku zote, na mwamba ule ulilia nyundo hadi ukasikika barabarani. Alasiri walikula, wakasifu mchuzi, wakaaga.

Kesho yake Waisiko aliamka mapema kuwasubiri. Alifika Regina, na wale wenzake sita, basi. Saa nne hakuna. Saa sita hakuna. Alipomfuata Mzee Nyangwine, jirani yake mwenye mji mkubwa, yaani boma, na wana watatu, akamkuta anatengeneza mpini wa jembe.

"Nilimuuliza, kwani wewe umesahau risaga ni kitu gani?" anasimulia Mzee Nyangwine, miaka sabini na moja. "Risaga ni siku moja. Ni kwa shamba, ni kwa nyumba. Leo kwako, siku nyingine kwangu. Sasa mawe ya kumuuzia mkandarasi, mimi zamu yangu itakuwa lini? Na mkandarasi atakuja kupalilia kwangu?"

Waisiko alirudi mwambani mikono mitupu. Walibaki wanane na ndoo zao. Siku ya mwisho ilipofika walikuwa wametoa tripu kumi na tatu. Walilipwa za kumi na tatu, mfumo ukachukua oda na kuipeleka kwingine.

Kisha ujumbe mmoja ukaingia kwenye simu thelathini na moja: kikundi chako kimeshindwa kutimiza oda, umefungiwa kwa siku 365.

Watu ishirini na watatu hawakuwa hata na habari kwamba wana kikundi. Mzee Nyangwine alisomewa ujumbe huo na mwanawe akiwa zizini. Aliacha ng'ombe, akaenda moja kwa moja kwa wakala wa pesa kuhakikisha kama fedha zake nazo hazijafungiwa. Kijiji kilicheka siku mbili. Yeye mwenyewe sasa anacheka, ila hacheki sana, kwa sababu ana mchanga mzuri wa ujenzi kwenye kijito kilicho shambani kwake, na alipotaka kuuandikisha kwenye mfumo uleule namba yake ilikataliwa.

"Nimefungwa kwa ajili ya mawe ambayo sikuuza," anasema. "Na hapa kwetu karibu na mgodi, jina lako likiingia kwenye orodha ya kampuni na wewe hujui, usingizi unakatika. Unaanza kujiuliza kama shamba bado ni lako."

Hakuna aliyemtukana Waisiko. Hilo ndilo lililomuumiza. Salamu ziliendelea, shikamoo na marahaba, habari za nyumbani nzuri, lakini hakuna aliyesimama baada ya salamu. Mahindi yalipofika magotini aliita risaga kama kawaida, akapika. Chakula kilipoa kwenye masufuria. Alilipalilia shamba lile peke yake kwa wiki tatu, akianzia kona ya mbali na barabara ili wapita njia wasimwone.

Mwambani nako watu walipungua. Kikundi kikishafungiwa, hakuna tipa inayotumwa pale. Mmoja alikwenda kuuza nyanya mnadani, wawili wakaenda kutwanga mawe ya dhahabu, wengine wakarudi mashambani. Regina alibaki hadi mwisho.

Kuna jambo moja Waisiko analisema akiwa ameishusha nyundo chini, na macho ameyaelekeza kwingine. Mwezi uleule wa kwanza Okeyo alimpigia kumweleza kwamba kuna njia. Kiongozi akimfuta mtu kwenye kikundi, kifungo cha mtu huyo kinaisha palepale. Ni kubonyeza tu. Ila kikundi chenye watu chini ya watano hakihesabiki tena kuwa kikundi. Kifungo chake kinakufa nacho, na kiongozi anabaki kuwa muuzaji mmoja, wa kupewa oda ndogondogo.

"Nilijua," anasema. "Mwaka mzima nilijua."

Kwa nini hakuwafuta?

Guta linapita barabarani, halisimami. "Jioni nikishakula nilikuwa naifungua simu, nayasoma yale majina," anasema hatimaye. "Yapo. Nikiyafuta, nabaki mimi. Niliona haya kubaki mimi."

Regina aliligundua hilo mwenyewe. Kaka yake aliye Morotonga, kule karibu na Mugumu, alikuwa na kikundi cha wafyatua matofali, akataka kumwingiza dada yake. Mfumo ukamkataa Regina kwa sababu ya kifungo, na mtu wa huko akamweleza kuwa kiongozi wake angeweza kumfungua kwa dakika moja. Alikuja mwambani, akamwomba Waisiko amfute.

"Nilimwambia subiri, mwaka utaisha, tutarudi wote," anasema Waisiko. "Akasubiri mwezi mzima. Hakunigombeza. Mwezi ulipoisha akachukua nyundo yake na ndoo yake, akaondoka. Miaka kumi na moja tumekaa pale. Mimba ya mtoto wake wa mwisho niliijua kabla ya mume wake."

Anajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Anasema ni vumbi, halafu anasema hapana, si vumbi.

Ijumaa wiki hii siku 365 zinatimia. Mfumo umewatumia wote swali: unataka kuendelea na kikundi hiki? Zikipatikana ndiyo tano, kikundi kinafunguliwa na oda kubwa zinarudi. Zisipopatikana, kifungo kinaanza upya kwa kila jina lililobaki kwenye orodha. Jumamosi iliyopita Waisiko alifungua kuangalia. Waliokubali: 1.

"Hiyo moja ni mimi," anasema.

Jumapili, baada ya ibada, alianza kutembea. Majina thelathini yako kwenye miji kumi na tisa, mingine ng'ambo ya kijito, mingine juu ya kilima. Angeweza kuyafuta yote akiwa amekaa jikoni kwake, na Okeyo alimshauri hivyohivyo. Alikataa.

"Niliwaandika bila kuwaambia," anasema. "Na kufuta nako nifute bila kuwaambia?"

Kwa hiyo kila mji anaofika anasalimia, anasema alichokifanya, anasema pia kwamba alijua na hakufanya kitu, kisha anatoa simu na kumwachia mwenye jina abonyeze mwenyewe. Baadhi wamebonyeza wakarudi ndani. Mama mmoja alimtaka arudie maelezo mbele ya mashemeji zake, naye akarudia. Kwenye mji mmoja walimfungulia mbwa, ingawa baadaye waliomba radhi na kusema hawakumtambua.

Kwa Mzee Nyangwine alifika Jumanne. Mzee alivaa miwani yake, akalitafuta jina lake na majina ya wanawe watatu, akayabonyeza yote manne kwa kidole kikubwa cha gumba.

"Umekaa nayo mwaka mzima," alimwambia.

"Ndiyo, baba."

"Ulikuwa unayafanyia nini?"

"Nilikuwa nayasoma, baba."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa tena. Kisha akaagiza aletewe uji. Waisiko aliunywa wote.

Jumatano saa kumi alasiri limebaki jina moja. Regina anakaa jirani na josho la ng'ombe, nyumba ya bati jipya. Waisiko na mwandishi wanamkuta uani anamenya muhogo, beseni liko katikati ya magoti. Anamtazama mwandishi, anamtazama Waisiko, anaendelea kumenya.

"Mama Robi, nimeleta jina lako," anasema Waisiko. Robi ni binti mkubwa wa Regina.

"Limechelewa."

"Limechelewa. Nilikuwa najua, na nilikuzuia."

"Najua ulikuwa unajua." Regina anaweka kisu chini. "Kaka alishachukua mtu mwingine."

"Nimesikia. Nisamehe, mama."

Regina anasukuma beseni pembeni kidogo. Anafuta mikono kwenye sketi, anaipokea simu, anabonyeza. Simu inauliza kama ana uhakika. Anabonyeza tena, kwa nguvu kama mtu anayegonga muhuri. Kioo kinaandika: Wanachama: 1.

Waisiko ananyoosha mkono kuichukua simu yake. Regina hampi bado. Anakitazama kile kioo kwa muda.

"Umebaki wewe tu," anasema.

"Mimi tu."

"Sasa kesho unaanza saa ngapi?"

Waisiko haelewi kwanza. Anasema anaanza saa kumi na mbili, kama siku zote.

"Saa kumi na mbili unampigia nani hayo mawe, Mama Tabitha? Huna hata oda." Regina anamrudishia simu, anachukua kisu chake. "Mimi kabla ya saa mbili siji. Lazima nikamue ng'ombe kwanza."

Waisiko anaipokea simu. Anakaa chini kwenye udongo, anavuta muhogo mmoja kutoka kwenye beseni na kuanza kuumenya kwa kucha, mpaka Regina anapomgombeza na kumtuma jikoni akachukue kisu kingine.

Jua linazama wakati anarudi kwake. Njiani anamweleza mwandishi mipango yake. Mwezi ujao Mzee Nyangwine ataita risaga ya kupalilia. Atakwenda na jembe lake, aitwe asiitwe. Oda kubwa amezitoa akilini. Anazitaka zile ndogo za vyoo na vibaraza, maana Okeyo amesema muuzaji mmoja akitimiza oda kumi mfululizo mfumo huanza kumpa za nusu tripu.

Anasimama kando ya barabara, anafungua fomu mpya ya muuzaji mmoja. Inamuuliza uwezo wake kwa siku. Anafikiri, anajaza ndoo kumi, ingawa siku njema anafikisha kumi na mbili.

Mwandishi anamkumbusha kwamba kuanzia kesho mwambani watakuwa wawili. Si angeandika ishirini?

Waisiko anatikisa kichwa, anabonyeza kutuma, na simu anaiingiza kwenye pindo la kitenge.

"Kumi ndizo zangu," anasema. "Za Regina siandiki."